Sauti ya Shujaa: Namna ya Kuupima Muziki wa Filamu kwa Sikio la Likasi

Anayetaka kuupima muziki wa filamu za mashujaa wenye nguvu za ajabu huanza na kipimo ambacho kila mtu anakijua: filamu imekwisha, taa zimewashwa, je, unaweza kuupiga mluzi wimbo wa shujaa? Wa Superman wa mwaka 1978 unaweza. Wa Batman wa mwaka 1989 unaweza, au angalau noti zake tano za mwanzo. Wa Thor, ambaye tangu mwaka 2011 amekwisha kupewa filamu nne za kwake mwenyewe, jaribu. Hapo watu hutikisa kichwa, na hukumu hutolewa papo hapo kwamba muziki wa siku hizi hauna sauti. Hukumu hiyo ninaikubali kwa sehemu kubwa. Ninachokikataa ni kipimo, kwa sababu kinapima kitu kingine kabisa, na anayekitegemea ataziangusha kazi nzuri na kuzipitisha nyingine zisizostahili. Ushahidi bora dhidi ya mluzi haukutoka Hollywood. Ulirekodiwa Likasi.

Mwaka 1952, mji ulipokuwa bado ukiitwa Jadotville na ukiishi kwa shaba ya Union Minière, Hugh Tracey, Mwingereza aliyezunguka sehemu kubwa ya Afrika na mashine zake za kurekodi, alimkuta hapo kijana mzaliwa wa Bunkeya, aliyezaliwa mwaka 1930, jina lake Mwenda Jean Bosco. Kipande alichokipiga kinaitwa Masanga. Kilivuma kikiwa gita tupu, na kupitia santuri za Gallo kikafika mbali sana na Katanga. Ukikisikiliza kwa makini utaona kwamba mkono wa kulia unatumia vidole viwili tu, gumba na cha shahada. Gumba linashughulika na nyuzi nene, lakini halipigi besi ya kuhesabia mwendo tu, bali lina wimbo wake unaopanda na kushuka. Kidole cha shahada kinaingia kwenye nafasi ambazo gumba limeziacha, na noti zake huangukia katikati ya noti za gumba, si juu yake. Matokeo yake ni kwamba sikio linaunganisha noti za pande zote mbili na kusikia wimbo wa tatu ambao hakuna kidole kinachoupiga. Mzunguko ni mfupi, unarudi na kurudi, lakini kila unaporudi kuna kitu kimesogezwa: noti moja imecheleweshwa kidogo, nyingine imeongezwa, besi imepita njia nyingine kufika palepale. Mtaalamu David Rycroft alikaa na upigaji huu wa Bosco, akauandika noti kwa noti katika jarida la African Music mwaka 1961 na 1962, na kurasa hizo zinaonyesha jinsi mambo mengi yalivyobanwa ndani ya muda mdogo.

Sasa upige mluzi Masanga. Utaupiga upi, wa gumba, wa kidole cha shahada, au ule wa tatu? Kinywa kina sauti moja, na kipande hiki kimejengwa kwa sauti zisizotenganishika. Hata hivyo, aliyewahi kukisikia hukitambua kabla mzunguko wa kwanza haujakamilika. Bosco mwenyewe alikipiga kwa miaka mingi, kila mara kwa namna iliyotofautiana kidogo, na hakuna aliyeuliza ni kipande gani. Huo ndio ushahidi ninaoutaka. Sauti inayokaa kichwani si lazima iwe wimbo unaoimbika. Ni umbo fupi lililofungamana na mkono fulani na chombo fulani kiasi kwamba ukilihamisha linavunjika. Kuimbika ni zawadi ya ziada, na mara nyingine ni udanganyifu, kwa sababu kuna nyimbo nyingi zinazoimbika ambazo si za mtu yeyote.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza ninachopendekeza ni cha kubadilishana. Hakihitaji elimu ya noti wala vyombo vya gharama. Zima sauti ya filamu kwenye simu moja, ucheze muziki wa shujaa mwingine kwenye simu ya pili, utazame. Weka maandamano ambayo John Williams alimtungia Superman chini ya Batman aliyejikunyata juu ya paa usiku, na picha itageuka kichekesho. Weka noti tano nzito za Danny Elfman chini ya Superman anayeruka mchana kweupe, na utaanza kumshuku mtu huyo kwamba anakwenda kuiba. Muziki umekataa kuhama. Sasa fanya hivyohivyo kwa kazi mbili za mwaka mmoja, mwaka 2013, zilizotungwa na mtu mmoja: Brian Tyler aliandika muziki wa Iron Man 3 na wa Thor: The Dark World. Mmoja wa mashujaa hawa ni mhandisi tajiri mwenye utani mwingi, aliyejiundia mavazi ya chuma. Mwingine ni mungu wa radi kutoka ulimwengu mwingine. Tyler ni fundi, na hilo sitambishia mtu. Nyimbo zake zote mbili zina umbo safi, vyombo vya shaba vinapanda kwa fahari, ngoma nzito zinasukuma kutoka chini, na zote mbili, kwa mshangao wa wapenzi wa mluzi, zinapigika mluzi bila taabu. Lakini zibadilishe nafasi. Mungu wa radi anaishi vizuri tu na wimbo wa mhandisi, na mhandisi hapungukiwi kitu kwa wimbo wa mungu. Zimefaulu mtihani wa kuimbika na kuanguka mtihani wa kuwa za mwenyewe. Kama hakuna mfano mwingine unaokaa akilini mwa msomaji kutoka katika mwongozo huu, huu unatosha, kwa sababu unaonyesha kwamba tatizo la siku hizi si ukosefu wa nyimbo.

Tatizo limetoka wapi, basi? Sehemu ya jibu ni ya kiofisi tu. Thor wa mwaka 2011 alitungiwa na Patrick Doyle, wa 2013 na Tyler, wa 2017 na Mark Mothersbaugh, wa 2022 na Michael Giacchino akishirikiana na Nami Melumad. Iron Man alipitia kwa Ramin Djawadi, John Debney na Tyler katika filamu tatu. Kila mtunzi alianza upya au karibu upya. Shujaa anabaki na nyundo yake, mavazi yake, hata utani wake, lakini sauti yake inabadilishwa kila anapotoka mlangoni. Hakuna mwigizaji ambaye watazamaji wangemvumilia akibadilishwa namna hiyo, lakini mtunzi hubadilishwa bila mtu kulalamika, maana wenye studio wanajua kwamba wachache ndio watakaogundua. Na kwa sababu wachache ndio wanaogundua, wanaendelea.

Sehemu ya pili ya jibu iko kwenye chumba cha kuhariri. Mhariri anapoanza kuunganisha picha, mara nyingi mtunzi bado hajaanza kazi. Picha zilizo kimya ni nzito kutazama, kwa hiyo mhariri huchukua muziki wa filamu nyingine, ya aina hiyohiyo, na kuuweka chini ili mwongozaji aone kama mwendo unafaa. Miezi inapita, mwongozaji ameitazama sehemu ile mara nyingi mno, na muziki wa kuazima umekwisha kumwingia damuni. Mtunzi anapofika anaombwa alete kitu kama kile, ila kisifanane kiasi cha kupelekana mahakamani. Ni kama fundi cherehani aliyeshikiza nguo kwa uzi wa muda, mteja akaupenda uzi ule, akataka ushonwe hivyohivyo. Mwaka 1968 Stanley Kubrick alifika mbali zaidi: kwa filamu yake 2001: A Space Odyssey alibaki na muziki wa zamani aliokuwa ameuweka kwa muda na kuutupilia mbali ule ambao Alex North alikuwa amemtungia. Kubrick alau alikuwa ameazima kutoka kwa mabwana wa Ulaya waliokuwa na sauti zao. Filamu ya shujaa ya leo huazima kutoka kwa filamu ya shujaa ya juzi, nayo iliazima kutoka kwa ya mwaka jana, na kila kuazima kunafuta alama moja ya mkono uliotunga.

Hoja hii ilipata umaarufu mwaka 2016, Tony Zhou na Taylor Ramos walipotoa insha ya video wakiwaomba wapita njia wawaimbie wimbo wowote wa filamu za Marvel. Watu waliimba za Star Wars, za James Bond, za Harry Potter, lakini za Marvel hawakuwa nazo. Muda si mrefu Dan Golding wa Australia akawajibu kwa pingamizi ambalo halipaswi kupuuzwa: muziki wa kushikizia si uzushi wa leo. George Lucas alimpa John Williams mifano ya Holst na Korngold kabla Star Wars haijapata muziki wake mwaka 1977, na kwa anayewajua watunzi hao wawili, alama zao bado zinasikika. Kama kuazima kunaua sauti, mbona hakukuiua ile? Pingamizi hili ni la kweli, na ndiyo sababu siwezi kuulaumu uzi wa muda peke yake. Tofauti naiona mahali pengine, kwenye nafasi ambayo muziki hupewa kusema bila kukatizwa. Superman ya mwaka 1978 inaanza kwa majina yanayopaa angani dakika kadhaa, na muda wote huo hakuna anayeongea, hakuna kinacholipuka, ila okestra ya London Symphony inamtambulisha mtu ambaye bado hatujamwona. Mtazamaji anafika kwenye kisa akiwa ameshajifunza sauti ya shujaa kabla ya uso wake. Filamu nyingi za leo zimeyasogeza majina mwishoni, watu wakiwa wameshaanza kusimama. Wimbo unaletwa mara ya kwanza katikati ya mapigano, chini ya vyuma vinavyogongana, na unatakiwa ujulikane kutokea hapo. Upande mmoja wa santuri ya mwaka 1952 ulikuwa na nafasi ya dakika tatu hivi, na Bosco alipewa zote, bila mtu wa kumsemea juu.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa mtazamaji wa Likasi, Lubumbashi au Kolwezi, kuliko kwa wa Chicago. Huku filamu hizi wengi huzitazama kwa Kifaransa, na namna Kifaransa kinavyoingizwa inafaa kueleweka. Studio huhifadhi maneno ya waigizaji kwenye mkondo wake, na muziki na vishindo kwenye mikondo mingine. Nchi inapotaka lugha yake, mkondo wa maneno ndio unaotolewa na kubadilishwa. Mingine inabaki vilevile. Maana yake ni kwamba mtazamaji wa huku hamsikii kabisa mwigizaji aliyelipwa mamilioni. Anasikia mtu mwingine wa Paris. Sauti pekee ya asili inayomfikia bila kuguswa ni ya mtunzi wa muziki. Kwake, shujaa asiye na sauti kwenye muziki hana sauti yake mwenyewe popote.

Ukanda wetu umelijaza pengo hilo kwa njia nyingine. Lufufu nchini Tanzania na DJ Afro nchini Kenya walijenga majina makubwa kwa kusimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili juu ya picha, na nchini Uganda VJ Emmie alifanya kazi hiyo kwa filamu ya kwao wenyewe, Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010. Wataalamu wa muziki wanaweza kukasirika kwamba msimulizi anafunika kazi ya okestra. Mimi naona hapa kuna kipimo cha pili, kikali kuliko cha kwanza. Msimulizi humpachika mhusika jina la utani na kibwagizo, akakirudia kila mhusika anapotokea, na baada ya nusu saa watoto ukumbini wanakisema kabla yake. Anafanya, kwa mdomo wake, kazi ambayo wimbo wa shujaa ulipaswa kufanya. Muziki wenye sauti hujipenyeza hata chini ya maneno yake, hata kutoka kwenye spika ndogo ya simu isiyoweza kutoa besi. Muziki uliojengwa kwa mngurumo peke yake hapo hufa, maana mngurumo ndicho kitu cha kwanza ambacho spika ndogo hukitupa. Santuri za zamani nazo zilikuwa na mipaka mikali kwenye besi na kwenye noti za juu kabisa, na Masanga ilipita humo salama, kwa kuwa umbo lake halikutegemea ukubwa wa sauti. Atakayesema kwamba filamu hizi zilitengenezwa kwa ajili ya kumbi kubwa anasema kweli. Lakini hata ukumbini, ukubwa wa sauti hutikisa kifua kwa sekunde chache, na kifua hakina kumbukumbu.

Isidhaniwe kwamba ninataka maandamano ya Superman yarudi kila mahali. Baadhi ya sauti bora za shujaa, au adui wa shujaa, katika miaka ya karibuni hazina wimbo hata kidogo. Katika The Dark Knight ya mwaka 2008, Hans Zimmer, aliyeshirikiana na James Newton Howard, alimpa Joker noti moja ya selo iliyovutwa polepole hadi inakera, kama waya unaokazwa bila kukatika. Hakuna anayeweza kuiimba. Hakuna pia anayeweza kuihamishia kwa mtu mwingine, na inaposikika kwa mbali mtazamaji anajua ni nani yuko nyuma ya mlango. Mwaka 2018 Daniel Pemberton alimpa Prowler, katika Spider-Man: Into the Spider-Verse, mlio uliotokana na sauti ya tembo iliyopindishwa, na ukawa jina kamili la mhusika. Hildur Guðnadóttir alianza kuandika muziki wa Joker ya mwaka 2019 kabla filamu haijapigwa. Dansi ya polepole ya mwigizaji wake, Joaquin Phoenix, kule chooni ilizaliwa kutokana na selo yake iliyochezwa palepale mahali pa kazi, mwili ukafuata muziki badala ya muziki kuufuata mwili. Giacchino naye alimtungia Batman wa mwaka 2022 wimbo wa noti nne kabla kamera hazijawashwa. Jambo linalowaunganisha hawa si mtindo, maana hawafanani. Wengi wao walikuwa na neno mapema, kabla mhariri hajazoea cha kuazima, na mwongozaji aliwasikiliza. Kwa hiyo, ukitaka kukisia kama filamu mpya itakuwa na sauti, usiulize bajeti ya okestra. Uliza mtunzi aliitwa lini.

Kuna watakaosema haya yote ni mapenzi ya zamani tu. Superman imerudiwa kwa zaidi ya miaka 40. Wape muda hawa wapya, nao watakuwa na nyimbo zao. Kuna ukweli hapa, na mfano wake mzuri ni The Avengers. Wimbo wa Alan Silvestri wa mwaka 2012 haukumshtua mtu ulipotoka. Lakini Silvestri aliitwa tena mwaka 2018 na 2019, akaurudisha, na katika Avengers: Endgame unapopanda wakati mashujaa wote wanarejea uwanjani, unafanya kazi ambayo hakuna mazungumzo yangeifanya. Kurudiwa kumeupa uzito ambao haukuzaliwa nao. Ila mfano huohuo unaonyesha mpaka wa hoja ya muda: kilichousaidia si miaka, ni uamuzi wa mtu kuurudisha. Thor amekuwa na miaka mingi kuliko mkusanyiko huo, na miaka haijamsaidia kitu. Na wenye studio wenyewe wametoa hukumu yao kwa vitendo, maana Superman ya mwaka 2025, iliyotungiwa muziki na John Murphy na David Fleming, ililazimika kuujenga wimbo wake juu ya ule wa Williams. Kama kungekuwa na sauti mpya yenye nguvu ya kumbeba mtu huyo, wasingelirudi kule.

Pingamizi la wale wanaosema muziki mzuri wa filamu ni ule usiosikika, nitalipita haraka. Kwa filamu ya familia inayogombana mezani, huenda. Shujaa anayevaa rangi tatu, akajipa jina, na kushuka kutoka angani mbele ya umati hajaomba kupita kimyakimya.

Wazo kwamba shujaa ana jina la sauti, mbali na jina la mdomo, si la Hollywood hata kidogo, na Kongo ina ushahidi wa kuwafundisha wengine. Kwa Walokele, karibu na Kisangani, John Carrington alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1949 jinsi kila mtu alivyokuwa na jina la ngoma, mfuatano wa milio ya juu na ya chini uliomtofautisha na wenzake wote mtoni. Kwa Wanyanga wa Walikale, mwaka 1956, Daniel Biebuyck alirekodi kwa Candi Rureke kisa cha Mwindo, mtoto aliyezaliwa akiwa tayari anatembea na kusema, aliyepigana na baba yake, akashuka kuzimu na kupanda mbinguni. Kisa hicho, alichokitoa kitabuni mwaka 1969 pamoja na Kahombo Mateene, hakisimuliwi kwa maneno matupu. Mwindo anaimba. Anapokuwa hatarini anaimba, anaposhinda anaimba, msimulizi anamwimbia na walio pembeni wanapiga vijiti na kuitikia. Hapo shujaa hatafutiwi wimbo baada ya kazi kwisha, kwa sababu bila wimbo kisa hakiendi hatua inayofuata.

Ndiyo sababu Black Panther ya mwaka 2018 ilifaulu pale ambapo filamu nyingi za kampuni hiyohiyo zilianguka. Ludwig Göransson, Mswidi, alikwenda Senegal kabla ya kutunga, akafuatana na Baaba Maal, na huko akakutana na tama ya Massamba Diop, ngoma ndogo ya kwapani inayobadilisha mlio kwa kubanwa nyuzi zake. Tama haikuwekwa kama rangi ya Kiafrika ya kupambia. Ilipewa kazi yake ya asili, kumtaja mtu: inatamka jina la T'Challa kwa mpando na mshuko wa sauti, na kila mfalme anapoingia inamtangulia. Adui yake, Killmonger, alipewa filimbi ya Kifula ya Amadou Ba, ambaye hupuliza na kutamka kwa pamoja, kisha chini yake ikawekwa midundo ya hip-hop ya mitaa alikokulia Killmonger. Fanya kipimo cha kubadilishana hapa, na utaona hata ndani ya filamu moja wawili hawa hawabadilishani. Tuzo ya Oscar ya mwaka 2019 ilikuwa halali, na mwaka 2022 Göransson aliitwa tena kwa filamu ya pili, jambo ambalo Thor hajawahi kuonjeshwa.

Msikilizaji wa Katanga ana haki ya kunung'unika kidogo. Wakanda, ufalme wa T'Challa, ni nchi ya kubuni inayoishi juu ya madini ambayo dunia nzima inayatamani, na Shinkolobwe, iliyotoa sehemu kubwa ya urani ya mabomu ya mwaka 1945, iko karibu na Likasi. Lakini lugha ya Wakanda kwenye filamu ni Kixhosa na ngoma ni ya Senegal. Hata hivyo, sauti haiombwi pasi ya kusafiria. Wapiga gita wa Kongo wa enzi ya Bosco walizisikiliza santuri za Kuba zilizouzwa mijini, na gita lenyewe halikuzaliwa Bunkeya. Swali la mpimaji ni kama mchanganyiko umefika mahali ambapo hauwezi tena kung'olewa kutoka kwa mtu aliyetungiwa. Kwa T'Challa umefika, ila si filamu nzima. Katika pambano la mwisho, vita vinapofika hadi ndani ya mgodi, okestra kubwa inachukua usukani kwa namna ambayo ungeweza kuisikia kwenye filamu yoyote ya miaka hiyo, na kwa dakika kadhaa mfalme wa Wakanda anapigana akiwa na muziki wa kila mtu. Sehemu hiyo itazame mara mbili: kwanza kwa spika ya simu, kisha kwa vifaa vya masikioni, na uangalie ni wakati gani tama inarudi, na ni nani yuko kwenye picha inaporudi.